Balbu za Kuazima

Kwanza Hasin Methluthi alidhani ni pikipiki.

Ukungu wa Februari ulikuwa umeilalia barabara inayoshuka kutoka Ain Safsaf, mzito kama uji, na ndani yake likatokea jicho moja la manjano, mbali kidogo, ukingoni mwa upande wa pili. Hasin akalimulikia mara mbili ili mwenye pikipiki ajue kwamba kuna gari mbele yake. Jicho likayumba, likaja katikati. Halafu, pale ambapo palipaswa kuwa na hewa tupu, pakatokea bati: ubavu mzima wa pikapu iliyosheheni viazi ukapita ukiukwangua mlango wa dereva, ambao kule huwa wa kushoto, na kioo cha pembeni kikapigwa kikalala kama sikio la punda.

Abiria waliokuwa wakisinzia wakaamka kwa pamoja.

"Ya Latifu!" alipiga kelele bibi mmoja aliyekuwa akienda hospitali. "Umegonga nini, Sidi Hasin?"

"Sijagonga kitu, mama. Nimepitiwa na chongo."

Alisimamisha gari, akashuka, akakinyoosha kioo. Pikapu ilikwisha kumezwa na ukungu. Hofu haikudumu. Kabla hawajafika bondeni ilikwisha kuyeyuka, na kilichobaki kifuani mwake kilikuwa kinyaa. Alimchukia yule dereva kuliko ambavyo angemchukia mwizi. Mwizi hujua kwamba anaiba. Lakini mtu anayetoka nyumbani alfajiri na taa moja, naye ana mke na watoto na mikono miwili ya kushikia bisibisi, huyo amekaa akafikiri, akaona kwamba roho za watu hazifikii bei ya balbu.

Hasin alikuwa akiendesha gari la abiria kati ya Ain Safsaf na Bir Hlima tangu alipokuwa na nywele nyeusi. Alikuwa mtu mfupi, asiyevuta sigara, asiyecheza karata kituoni, na asiyecheka upesi. Kila alfajiri, kabla hajagusa kahawa, aliosha vioo vya taa kwa maji ya siki na kuvifuta kwa kitambaa ambacho hata mkewe hakuruhusiwa kukitumia. Madereva wenzake walimwita Mufti wa Taa.

"Mufti," walimchokoza, "mwenye balbu iliyoungua, swala yake inasihi?"

"Inasihi," alijibu bila kutabasamu. "Jirani yake ndiye asiyefika msikitini."

Asubuhi ile, alipolisogeza gari mbele ya ukuta wa kituo cha Bir Hlima, aliona kwamba hata yeye hakuwa salama. Taa yake ya kushoto ilichora ukutani doa hafifu lenye rangi ya chai. Balbu ilikuwa inaelekea kufa. Na balbu za mbele, kama viatu, hubadilishwa jozi. Ukiweka mpya upande mmoja tu, gari hutazama kama mtu aliyepigwa ngumi. Mzee aliyezoea kumwuzia alikuwa amefunga duka na kuhamia kwa mwanawe Tunis. Kwa hiyo Hasin akaamua kwamba, akirudi juu Ain Safsaf, atanunua kwa Wajdi.

Wajdi ndiye aliyekuwa akimposa binti yake. Rim, binti huyo, alifanya kazi katika duka la dawa, na huko ndiko kijana alikomwona, akawa anakuja kumnunulia mamake dawa ya kikohozi hata wakati wa kiangazi. Jumapili iliyokuwa inakuja ukoo wake ungepanda na msafara wa magari kutoka kijiji chao cha bondeni, Fatiha isomwe, na neno lifungwe. Zakiya, mke wa Hasin, alikuwa amekwisha kukanda unga wa makrudh, vile vikeki vya kujazwa tende, na kuagiza tende zenyewe. Hasin mwenyewe alijua mambo machache tu: kwamba kijana ana duka la vifaa vya magari mkabala na kituo cha ukaguzi, kwamba huwasalimia wakubwa kwa heshima, na kwamba Rim akilisikia jina lake huinamisha uso asionekane anatabasamu. Yalimtosha.

Alimkuta Wajdi anakula. Ulikuwa mkate wa kukaanga, umejazwa samaki wa kopo na harisa ya pilipili, na mafuta mekundu yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Baba mkwe! Leo jua limechomoza dukani kwangu!" Aliruka, akambusu Hasin begani, na mkono wake ukaacha alama ya mafuta kwenye koti. "Kaa, ami, kaa. Unakunywa nini?"

"Sinywi kitu. Nataka jozi ya balbu za mbele. Zile zenye nyuzi mbili, mmoja wa karibu na mmoja wa mbali."

"Kwako wewe sitoi takataka." Wajdi akatandaza maboksi juu ya kaunta. "Tazama hii ya bluu. Vijana wanaigombania. Gari linakuwa kama la waziri."

"Bluu ni rangi ya chupa. Nusu ya mwanga inabaki ndani. Kwenye ukungu nitakuwa nimewasha urembo."

"Basi hii, wati mia. Ukiiwasha hapa, walinzi wa mpaka kule Aljeria wanaamka wakidhani kumekucha."

"Na waya zitayeyuka, na bakuli la taa litaungua ndani liwe jeusi, na anayekuja mbele yangu ataingia mtaroni. Mwanangu, nipe ya kawaida. Kioo cheupe, hamsini na tano kwa sitini, kama ilivyoandikwa kwenye gari lenyewe."

"Haya, Mufti ametoa fatwa," Wajdi akacheka. Akafungua boksi, akaitoa balbu kwa kuishika kioo, kwa vidole vilevile vilivyotoka kwenye mkate.

Hasin alikunja uso. Kioo kile kikiwaka hupata moto kuliko bamba la kuokea mkate. Mafuta ya kidole hupikika juu yake, kioo huvimba au hupasuka, na mwenye gari hubaki akikilaani kiwanda. Hakuna muuza balbu asiyelijua jambo hilo. Kijana alikuwa akiigeuzageuza mkononi kama mtu anayepima yai sokoni.

"Iweke chini."

"Nini, ami?"

"Iweke chini hiyo. Nitachukua maboksi ambayo hayajafunguliwa."

Hapo nje ikasimama pikapu ya viazi. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa na mkwaruzo mbichi, na ndani ya mkwaruzo mlikuwa na rangi nyeupe ya gari la Hasin. Taa yake ya upande huo ilikuwa tundu jeusi. Akashuka mtu mnene, mchangamfu, mwenye kofia nyekundu ya sufu.

"Wajdi, mwokozi wangu! Leo zamu yangu ya ukaguzi. Nipe macho!"

Wajdi alimtupia Hasin jicho mara moja, haraka, kisha akainama chini ya kaunta akatoa bati la biskuti. Ndani ya bati mlikuwa na soksi kuukuu, na ndani ya soksi balbu zilikuwa zikigongana.

Yule mnene, ambaye jina lake lilikuwa Shadli, alikuwa akimkazia macho Hasin. "Si ndiwe mwenye gari la abiria la alfajiri? Mungu akubariki, ndugu yangu! Ulinimulikia askari. Nikasema, huyu ndiye mwanamume. Nilikuwa sijafunga mkanda, nikainama kuutafuta, mpaka gari likanihama kidogo. Lakini askari sikuwaona. Walijificha wapi?"

Katika milima ile, kumulikiana mara mbili njiani kuna maana moja tu, na Hasin alikuwa ameisahau: askari wako mbele.

"Hapakuwa na askari," alisema. "Nilikuwa nakwambia kwamba huonekani."

"Mimi? Na tumbo lote hili?" Shadli alicheka akilipigapiga tumbo, na Wajdi akacheka pamoja naye.

Boneti likafunguliwa. Hasin alisogea kutazama, na mara akajuta. Chini ya bakuli la taa ya kushoto palikuwa na maji ya kijani, na nondo waliooza walikuwa wakielea humo. Mfuniko wa mpira unaozuia maji haukuwapo. Mahali pake palikuwa pamezibwa kwa mfuko wa plastiki uliokunjwakunjwa. Wajdi akapachika balbu mbili za soksi, hakujali zimekaa sawa au zimekaa upande, akapokea kitambulisho cha Shadli kiwe rehani, akakitupa batini. Pikapu ikavuka barabara ikiwaka kama bwana harusi, ikaingia lango la ukaguzi. Wakaguzi walipima kile walichoonyeshwa. Baada ya muda ikarudi, na karatasi mpya kwenye kioo cha mbele. Wajdi akachomoa balbu zikiwa bado na moto, akizishika kwa karatasi ya mkate wake, akazirudisha kwenye soksi, akapachika zile za zamani ili matundu yasionekane matupu, akamrudishia Shadli kitambulisho.

"Mwaka mzima wa amani!" Shadli alisema, akaibusu karatasi ya ukaguzi, akaondoka. Chongo lilelile, sasa lina cheti.

Hasin alisimama pale, mikono imening'inia. "Ndiyo kazi yako hii?"

"Ni hisani, ami. Watu hawana uwezo."

"Yule ana shehena ya viazi na simu mbili. Hana uwezo wa balbu?"

"Hataki. Mimi nimlazimishe? Nikimkataa anakwenda kwa jirani, naye atamwazima hata mishumaa." Wajdi alikuwa akijifuta vidole kwenye suruali. "Usinikasirikie. Mji mzima unajua. Wenye ndevu na wasio na ndevu, wote wanapita kwangu."

"Jumapili unakuja kuniomba binti. Mtu huyu aliyetoka hapa nusura aniue leo asubuhi. Nilikuwa na watu nyuma, na mgonjwa kati yao."

"Alhamdulillahi hukufa," Wajdi alisema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kujibu swali.

Hasin akachukua maboksi mawili yaliyofungwa, akaweka bei yake kaunta ijapokuwa kijana aliapa kwamba hapokei, akatoka. Njia nzima aliona kama mafuta yale yamepita koti, yamepita shati, yameshika ngozi.

Jioni, jua likiwa bado juu ya paa, alifungua boneti uani. Rim alitoka kazini, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kama alivyofundishwa tangu utotoni, akaja kumsaidia.

"Shika kitako. Usiguse kioo."

"Baba, unaniambia hivyo tangu sijaota meno."

Hasin akaichomoa soketi ya waya, akavua mfuniko wa mpira, akatoa waya mwembamba unaobana, akaivuta balbu ya zamani. Kioo chake kilikuwa kimefanya weusi kama kijiko kilichoachwa juu ya moshi. Rim akampa mpya. Balbu hiyo ina masikio matatu, moja pana kuliko mengine, nayo hukubali kukaa kwa namna moja tu, ikichezacheza haijakaa. Hasin aliigeuza kidogo, ikatulia. Akabana waya, akarudisha mfuniko wa mpira na kuukandamiza kingo zote kwa kidole gumba, akarudisha soketi. Upande wa pili vivyo hivyo. Alipowasha, ukutani pakatokea mistari miwili iliyonyooka, iko sawa kwa sawa, chini ya dirisha la jikoni.

Zakiya alichungulia dirishani. "Na wewe! Mkweo ana duka zima, unajichafua mwenyewe uani kama yatima?"

Hapo Hasin akayatoa yote. Aliyasema vibaya, kwa maneno makali, bila kumtazama Rim: soksi, nondo, kitambulisho, karatasi ya mkate. Alipofika kwenye "Alhamdulillahi hukufa" akabamiza boneti.

"Kwa balbu?" Zakiya alisema. "Utavunja posa ya mtoto kwa balbu? Watu wanavusha petroli mpakani, wanauza dawa za serikali, wewe unatafuta mkwe malaika? Kijana ana adabu, ana duka, ana meno yake yote!"

Apendaye chongo huliita kengeza, na Zakiya alikuwa akiliita kengeza tangu siku lilipofika kapu la kwanza la halua kutoka kwa Wajdi.

Rim alikuwa bado ameishika balbu iliyokufa. "Ulimwambia aache?"

"Nilimwambia alichokifanya. Mtu mzima haambiwi la kuacha."

"Basi nitamwambia mimi."

Akapanda paani na simu yake. Walimsikia akisema kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya juu. Aliposhuka macho yalikuwa mekundu lakini uso ulikuwa umetulia.

"Amesema ataacha. Ameapa kwa mamake. Hatamwazima mtu tena."

"Aliapa bila kubisha?"

"Alibisha, halafu akaapa. Baba, mimi nimemwamini. Na wewe mwamini."

Hasin alimtazama. Hakuwa na mtoto mwingine, na hakukumbuka kama Rim alipata kumwomba kitu kikubwa kuliko hicho. "Akiacha kweli," alisema, "Fatiha itasomwa, na amina yangu itasikika mpaka sokoni. Asipoacha, mtu huyo simpi hata paka wangu. Na wewe utaamua kwa macho yako, si kwa maneno yangu."

Jumapili adhuhuri msafara ulipanda. Desturi ya kule ni kwamba watu wa mume huja na taa zimewashwa mchana kweupe na honi zinalia, ili kila nyumba ijue kwamba kuna msichana anaposwa. Hasin alisimama mlangoni na jubba lake jeupe, akitazama kila gari lilipokunja kona. La kwanza lilikuwa la Haji Bu-Jum'a, mjomba wa Wajdi, na mbele yake taa mbili ziliwaka sawasawa. La pili, mbili. La tatu, mbili. Hata kigari kimoja kibovu, ambacho mlango wake ulifungwa kwa kamba, kilikuja kinatazama kwa macho mawili. Vigelegele vikapaa kutoka madirishani.

"Umeyakagua macho yote, Mufti?" Zakiya alimnong'oneza.

"Nimeyakagua."

"Kuna chongo?"

"Hakuna." Na Hasin, mtu asiyecheka upesi, akacheka. Aliona haya kwa ajili ya dhana zake. Wajdi aliposhuka na suti yake ya kijivu, Hasin alimkumbatia kwa mikono miwili, akampiga mgongoni, akamwita mwanangu mbele ya watu.

Walikula kuskusi na kondoo. Wanawake walikuwa chumba cha ndani, na kila mara kicheko cha mama yake Wajdi kilipenya ukuta. Haji Bu-Jum'a alisimulia habari za mashamba na mvua. Waliposwali alasiri, makrudh yakaletwa, na wazee wakajinyoosha migongo tayari kwa Fatiha. Nje, ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni; miti ya mwisho wa mtaa ilikwisha kupotea.

"Tuanze," alisema mmoja. "Bwana harusi yuko wapi?"

"Yuko nje ananawa," Haji Bu-Jum'a akasema, akiitazama sahani yake. "Msubirini kidogo."

Ndani kulikuwa na maji ya kunawa, na birika, na mtu wa kumimina. Hasin akainuka akatoka.

Magari yalikuwa yamepangwa kando ya ukuta wa shule. Koti la suti ya kijivu lilikuwa limetundikwa kwenye kioo cha pembeni cha gari moja. Wajdi alikuwa ameinama ndani ya boneti la gari lililofuata, mikono ya shati imekunjwa, vidole vinang'aa kwa mafuta ya kondoo. Miguuni pake lilikuwa bati la biskuti, na soksi imevimba.

"Wajdi."

Kijana hakushtuka. "Ami! Nakuja sasa hivi. Yamebaki mawili tu."

"Unafanya nini?"

"Kesho Jumatatu. Ukaguzi unafunguliwa saa mbili na watu wameshaniwekea ahadi." Akaichomoa balbu, akaifuta kwa kidole gumba, akaidumbukiza kwenye soksi. "Hizi niliwapa wajomba kwa ajili ya msafara tu. Nilijua utasimama mlangoni uangalie. Nilitaka ufurahi."

Alisema hivyo kama mtu anayekabidhi zawadi, na uso wake haukuwa na hila hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha Hasin.

"Uliapa."

"Niliapa kutowaazima watu. Hawa si watu, ami. Hawa ni ndugu."

"Na watashukaje? Huuoni ukungu huu?"

"Njia wanaijua."

Hasin alitaka kupiga kelele, akaona hata kelele zitamchafua mdomo. Akarudi mpaka mlango wa nyuma, akamwita Rim.

Rim alikuja na nguo yake iliyodariziwa nyuzi za fedha, akiinua pindo lisiguse tope. Alilitazama bati. Alilitazama koti kwenye kioo. Alipita mbele ya magari moja moja, akiinama kuchungulia taa, kama anavyokagua makabati ya dawa.

"Mama yako anapanda gari lipi?" aliuliza.

"La mjomba. Lile la mbele."

"Umeshalitoa balbu?"

"Hilo lilikuwa la kwanza," Wajdi alisema. "Zake ndizo zilizokuwa nzuri kuliko zote."

Wajdi alinyoosha mkono amshike Rim kiwiko, naye akarudi nyuma hatua moja, mkono ukabaki hewani.

"Baba," Rim alisema, "mwambie mama awafungie makrudh yao waende nayo."

Yaliyofuata hayakuwa na heshima. Hasin alisimama mbele ya wanaume akasema kwamba Fatiha haitasomwa, leo wala siku nyingine, akaeleza sababu. Alitarajia kwamba angalau mmoja wao atakimbilia nje kutazama gari lake. Hakuna aliyeinuka.

"Kwa hilo tu?" Haji Bu-Jum'a alisema. "Sisi sote tulijua kwamba ni za kuazima. Umesikia mtu akilalamika?"

Walijua. Wazee wenye tasbihi mikononi, waliowapakia wake zao na wajukuu wao, walikuwa wamekubali kuwa na macho mchana, mbele ya nyumba ya watu, na kurudi bila macho katika ukungu. Hasin aliwatazama midomo yao iliyokuwa bado inang'aa kwa chakula chake, akageuza uso.

Mama yake Wajdi alitoka chumba cha ndani akivuta shela. "Mlinzi wa taa wewe! Binti yako atazeekea kwenye hilo duka la dawa, awe anauza vidonge vya mgongo akijiuzia mwenyewe!"

Aliyejibu ni Zakiya, Zakiya yuleyule wa kengeza, akiwa na kapu la makrudh mikononi na machozi yakimtiririka. "Na azeeke. Nguo ya kuazima haisitiri matako, dada yangu, na yenu tumeyaona leo. Shika kapu lako."

Hasin aliwataka wasubiri, balbu zirudishwe kwanza, akasema atazipachika mwenyewe. Lakini Wajdi alikuwa amejifungia ndani ya gari lake, bati lenye balbu zote limekaa mapajani. "Zina wenyewe!" alisema kupitia kioo. "Nimetoa ahadi!" Na ndugu zake, kwa hasira ya kufukuzwa, walikuwa wameshaanza kuwasha injini. Jua lilikuwa linazama nyuma ya ukungu. Mwanga wa siku ulikuwa umebaki kidogo, nao ulikuwa rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

Hapo ndipo Hasin alipopanda gari lake. Kinyaa chake hakikupungua hata chembe. Kama angeweza angewaosha wote kutoka mtaani kwa ndoo. Lakini walikuwa wamekula nyumbani kwake, na mgeni haachwi atoke mlangoni kwako akafe. Akawasha taa, akajipanga mbele ya gari la Haji Bu-Jum'a, akapiga honi moja kuwaashiria wafuate. Mlango wa pili ukafunguliwa, Rim akaingia na nguo yake ya fedha, akafunga mkanda.

Walishuka mlima polepole, taa za Hasin zikiukata ukungu na msafara wa vipofu ukimshika mkia. Kwenye kioo hakuwaona, aliwasikia tu. Walimpigia honi aongeze mwendo. Mtu mmoja alitoa kichwa dirishani akamtukania babu yake. Hasin hakuongeza mwendo. Kwenye kila kona alipunguza, akawasha taa za pembeni mapema ili wajue barabara inaelekea wapi.

Walipofika kwenye njia ya kijiji chao, magari yakakunja moja baada ya jingine bila salamu. La Haji Bu-Jum'a lilisimama kidogo sambamba nao. Mama yake Wajdi akateremsha kioo, kapu la makrudh liko mapajani mwake, limefunguliwa.

"Msidhani tutawashukuru," alisema, mdomo umejaa.

"Hapana, mama," Rim akamjibu. "Fikeni salama."

Hasin akageuza gari. Wakaanza kupanda mlima. Alikuwa na maneno mengi, maneno ambayo kituoni yangemjia yenyewe, na sasa hata moja halikufaa kumpa binti yake.

"Kila alipokuja dukani kwetu mikono yake ilikuwa safi," Rim alisema mwishowe. "Nilikuwa naitazama. Nilidhani ndivyo alivyo."

"Nisimame kidogo?"

"Usisimame."

Akateremsha kioo, akatema mate nje kama mtu aliyeuma tunda bovu, akakipandisha, akajifuta mdomo kwa ncha ya shela.

"Endesha, Baba. Mama yuko peke yake na vyombo."